Danube, Loire au Canal du Midi: wapi pa kuendesha baiskeli polepole kwa siku saba?

Mama Nuru, Köln

Habari zenu wapendwa. Septemba tuna siku saba, mimi na mzee wangu. Watoto wamekataa kuja, kwa hiyo hakuna wa kutuharakisha. Tunataka kuendesha baiskeli kando ya maji, kilomita 30 mpaka 40 kwa siku, tule vizuri, tulale kitandani. Mimi kazini naenda kwa baiskeli kila siku. Yeye mara ya mwisho aliipanda alipokuwa kijana, akipeleka ndizi sokoni Tukuyu, na mwenyewe anasema kwa milima ile aliisukuma kuliko alivyoipanda. Sasa goti la kulia linamsumbua.

Nimebakiwa na tatu: mto Danube kutoka Passau hadi Vienna, mto Loire kwenye yale makasri, na Canal du Midi kutoka Toulouse kwenda baharini. Picha zote nzuri, na hapo ndipo nilipokwama, maana picha haikwambii chini ya tairi kukoje. Aliyepita aniambie ukweli.

Mwana wa Kojani, Rotterdam

Dada, ulizia upepo kwanza, uzuri baadaye. Kwetu mtu hatweki tanga kabla hajajua upepo unatoka wapi, na baiskeli ni hivyo hivyo. Huku Ulaya ya magharibi mara nyingi hutoka magharibi. Danube inakwenda mashariki, kwa hiyo Passau kwenda Vienna upepo utakuwa mgongoni. Loire inakwenda magharibi. Ukiufuata mto utakula upepo wa omo, yaani wa usoni, kutwa. Loire anzia baharini, upande nayo kwenda juu. Watu husema "lakini mto unateremka". Teremko la mto mkubwa katika kilomita 40 mguu hauling'amui. Upepo unaung'amua.

Halafu mkitaka mazoezi kabla ya Septemba, njooni Utrecht mfuate mto Vecht mpaka Muiden, kama kilomita 40, mfanye siku mbili. Njia panda za baiskeli huku zina namba: unaandika namba zako kwenye kikaratasi, unakibandika kwenye usukani, basi. Njiani mtapita Breukelen, kijiji kilichoipa Brooklyn ya New York jina lake.

Fundi Karia, Linz

Mama Nuru, Danube, usifikirie mara mbili. Nimeipita mara tatu, ya mwisho nikiwa na mama mkwe wa miaka 66. Kilomita 300 na ushei, karibu yote lami, na sehemu kubwa njia ipo kingo zote mbili. Ukichoka na ng'ambo hii unagonga kengele pale gatini, kivuko kidogo kinakuja, mnapakia baiskeli mnavuka.

Passau penyewe mito mitatu inakutana: Danube, Inn na Ilz. Kwenye ukuta wa jumba la mji wamechora alama za mafuriko, ya 2013 ikiwemo. Simama chini yake uone. Baadaye kuna Schlögen, mto unapojikunja ukarudi ulikotoka, ila kuuona wote lazima upande kilima kwa miguu. Mzee abaki chini na kahawa yake. Melk hadi Krems, kilomita 36 hivi, ndiyo Wachau yenyewe: mizabibu kwenye matuta na miti ya aprikoti. Katikati yake upo mji wa Dürnstein, walikomfunga Mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192.

Msipite Mauthausen bila kupanda pale juu. Ile kambi ya Wanazi iko juu ya kilima, na machimbo ya mawe bado yanaonekana. Mama mkwe ni mtu wa maneno mengi. Tuliposhuka aliendesha saa nzima hajasema kitu.

Ubaya wake ni watu. Vikundi vya watu ishirini, mizigo yao inabebwa na gari, wao wanakimbiza. Septemba huwa afadhali kuliko Julai na Agosti, lakini vyumba wekeni mapema.

Mama Nuru, Köln

Asante Fundi. Ila kwa mwendo wetu siku saba haziishi kilomita 300, sivyo? Na watu ishirini wakipita mbio mzee atashuka asimame pembeni, namjua.

Fundi Karia, Linz

Mnaruka kipande kwa treni. Linz hadi Melk, hamtapoteza kitu kikubwa. Mauthausen mkaifanye safari ya kando siku mkiwa Linz.

Bi Zuhura, Toulouse

Mama Nuru, shikamoo. Mimi naishi karibu na mfereji, nauona kila siku nikitupa taka, kwa hiyo nitausifu kisha nitakwambia usiende.

Sifa zake. Kilomita 240, ulichimbwa kati ya 1666 na 1681, kwa majembe. Bwana aliyeubuni, Pierre-Paul Riquet, hakuwa mhandisi. Alikuwa mkusanya kodi ya chumvi. Kuchimba haikuwa taabu kubwa. Taabu ilikuwa maji: mfereji unapanda mpaka Naurouze, karibu mita 190 juu ya bahari, kisha unashuka upande wa pili. Kila lango la kupandishia na kushushia mashua likifunguliwa maji yanaondoka, huku upande mmoja na kule upande wa pili, na pale juu hakuna mto. Riquet aliyaleta maji kutoka milima ya Montagne Noire kwa mitaro midogo, akajenga na bwawa la Saint-Ferréol la akiba ya kiangazi. Akafa Oktoba 1680, miezi michache kabla mfereji haujafunguliwa. Nilipofika Naurouze mara ya kwanza nilikaa karibu nusu saa natazama mtaro mwembamba, naweza kuuruka, nikijiambia ndio huu unaolisha vyote.

Sasa chini ya tairi. Toulouse hadi Port-Lauragais, kilomita hamsini hivi, lami safi. Baada ya hapo ni ile njia ya zamani ya farasi waliokuwa wakivuta mashua: udongo, changarawe, na mizizi. Mizizi, mama! Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni kama kupanda ngazi umelala. Mimi nilipata pancha tatu kabla ya Carcassonne. Ya tatu nilikuwa nimebakiwa na kiraka kimoja, nikatumbukiza mpira kwenye mfereji wenyewe kutafuta mapovu, na mlinzi wa lango akatoka na kiti. Hakunipa pampu, alinipa kiti. Na ile miti mikubwa ya kivuli mnayoiona kwenye picha, ina ugonjwa wa kuvu tangu 2006, inakatwa kwa maelfu. Wanapanda mingine, ila kivuli cha mche mnakijua.

Kwa goti hilo, hapana. Lakini mkifika Toulouse si lazima mwende mashariki kama wote wanavyofanya. Upande wa pili upo mfereji mwingine, Canal de Garonne, wa 1856, kilomita 193 kuelekea Bordeaux. Hauna jina kubwa. Una lami.

Kamau wa Mwea

Mimi nawasoma tu nikicheka. Huku kwetu mifereji ya mpunga imejaa tele, maji ya Thiba na Nyamindi, tambarare mpaka macho yachoke, na mandazi kila kona. Kuna jambo moja tu: black cotton. Ikinyesha udongo unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma, unabeba baiskeli begani badala ya yenyewe kukubeba. Karibuni Januari.

Msafiri wa Reading

Naongeza kwa ufupi: mfereji wa Kennet na Avon hapa Uingereza, Bristol hadi Reading, kilomita 140. Kipande cha Bath hadi Devizes ni kizuri sana, na Caen Hill pana milango 29 mfululizo ya kupandisha mashua. Baada ya Devizes njia inakuwa nyembamba na ya tope. Msije Septemba kama hampendi mvua.

Mama Nuru, Köln

Bi Zuhura, marahaba. Huo wa Garonne nieleze zaidi. Mbona hakuna anayeutaja?

Bi Zuhura, Toulouse

Kwa sababu hauna kasri na haufiki bahari ya bluu. Ni wa moja kwa moja, na ukweli ni kwamba kuna saa unachosha: mfereji, miti, mfereji, miti. Karibu na Valence d'Agen mtaona minara miwili mikubwa ya mtambo wa nyuklia wa Golfech inatoa mvuke. Sitawaficha.

Ila Montech kuna kitu mzee atakipenda. Mwaka 1974 waliweka injini mbili zinazotembea kwa matairi, moja kila upande wa mtaro wa mteremko, zikisukuma ubao mkubwa, na ubao unasukuma maji, na mashua inaelea juu ya maji hayo hayo mpaka juu. Imestaafu tangu 2009, sasa ni ya kutazamwa. Moissac kuna abasia ambayo ua wake wa nguzo ulimalizika mwaka 1100, na Septemba ndiyo zabibu zao za chasselas zinavunwa, ndogo, za rangi ya asali, zinauzwa kwenye makasha barabarani. Hapo mpumzike siku nzima. Agen mfereji unapita JUU ya mto Garonne kwenye daraja la mita 539. Unaendesha, kushoto kwako mashua, chini yako mto. Na kwenye nyumba za walinzi wa milango tazameni vibao: vimeandikwa umbali wa lango lililopita na lijalo. Mzee hatauliza "bado?"

Mwana wa Kojani, Rotterdam

Bi Zuhura umesahau upepo. Toulouse kwenda Bordeaux ni omo tupu.

Bi Zuhura, Toulouse

Sijasahau, kaka. Huku kuna na upepo wa autan unaotoka kusini-mashariki, ukianza hupuliza siku kadhaa. Reli inakwenda sambamba na mfereji: La Réole, Marmande, Agen, Moissac, Montauban, Toulouse. Treni za mkoa zinabeba baiskeli, epuka tu saa za watu wa kazini. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari tazama utabiri. Upepo wa magharibi, panda treni mpaka La Réole, vuka mto hadi Fontet, uanze kurudi Toulouse. Autan, anzia Toulouse. Na msije na baiskeli zenu. Treni za kasi zina nafasi chache za baiskeli. Kodini huku, lakini siti njooni na zenu. Mimi duka moja lilinipa siti ngumu kama mbuzi ya nazi, nikala chakula cha jioni nimesimama.

Fundi Karia, Linz

Bado nasema Danube. Ila la siti nakubali.

Mama Nuru, Köln

Tumeamua Garonne, Danube mwakani, Fundi usininunie. La Réole hadi Toulouse kama kilomita 185, siku sita kwa mwendo wetu na moja ya kupumzika Moissac. Mzee hakuuliza kuhusu abasia wala daraja, ameuliza ile mashine ya Montech ni ya dizeli au ya umeme. Jana jioni nimemtoa mazoezi kwenye njia ya mto Rhine. Mita mia za kwanza alikuwa anayumba mpaka nikaogopa. Akashuka, akaenda dukani, akarudi na boksi la ndizi, akalifunga kwenye karia. Akapanda, akanyooka kama mshale. Anasema alikuwa anakosa uzito wa nyuma.

Kwa hiyo sasa naomba msaada wa mwisho: nani anajua wapi Toulouse au La Réole wanakodisha baiskeli yenye karia imara?