Nimechoka kuhakiki msimbo wa kulala ulioandikwa na watu wasiojaribu kuamka

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikihakiki kiraka kimoja tu, yaani marekebisho ya msimbo, kinachogusa sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux inayobana taswira ya kumbukumbu kabla haijaandikwa kwenye diski, pale kompyuta inapoingia usingizi mzito, yaani ule ambao mashine huzimika kabisa na ikiwashwa hurudi pale pale ulipoachia. Kimeandikwa na mwenzetu katika kampuni ninayoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, na kililetwa kwangu kama karatasi ya kugongwa muhuri. Kila ninapokirudisha naambiwa kwamba nawachelewesha watu.

Kwa asiyeifahamu sehemu hii, kazi yake ni rahisi kueleza. Kerneli husimamisha programu zote, huchukua nakala ya yaliyomo ndani ya RAM, kisha huiandika kwenye eneo la swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kama nyongeza ya RAM. Kwa kuwa nakala hiyo hukaa kwanza ndani ya RAM ile ile, haiwezi kuzidi nusu yake. Tangu toleo la 2.6.37, lililotoka Januari 2011, nakala hubanwa kwa LZO, ambayo ni kanuni ya kubana data, katika vipande vya kurasa 32 (ukurasa ni kipande kidogo ambacho kerneli hugawia kumbukumbu), ambavyo ni baiti 131,072 kila kimoja, na kila kipande kilichobanwa hutanguliwa na kichwa kidogo kinachotaja urefu wake. Toleo la 3.2 liliigawa kazi hiyo kwa nyuzi kadhaa (nyuzi za prosesa zinazofanya kazi sambamba, si hizi za kwetu humu) na kuongeza CRC32, hesabu ya kukagua kama data zimeharibika. LZ4, kanuni nyingine ya kubana, ilikuja baadaye sana, katika toleo la 6.9 la mwaka 2024. Si msimbo mrefu. Mtu mwenye utulivu anaweza kuusoma wote kwa asubuhi moja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mwenzetu hakuusoma.

Kiraka chake cha kwanza kilipunguza bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu ya kuwekea matokeo, hadi kurasa 32, sawa na ukubwa wa kipande kabla ya kubanwa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba kubana ni kupunguza, sasa kwa nini atenge nafasi zaidi ya ile ya mwanzo? Jibu hilo lingesameheka kwa mtu wa mwezi wa kwanza kazini. Picha za JPEG, video na faili zilizofungwa kwa nywila hazibaniki tena, na LZO ikikutana nazo hutoa kitu kikubwa kuliko ilichopewa. Ahadi yake ni kwamba ongezeko halitazidi sehemu moja ya kumi na sita ya kipande, pamoja na baiti kadhaa za mwishoni. Sehemu moja ya kumi na sita ya kurasa 32 ni kurasa 2, kwa hiyo tunafika 34 kamili, halafu zile baiti za mwishoni na baiti 8 za kichwa zinaingia ukurasa wa 35. Ndiyo maana msimbo wa asili hutenga kurasa 35.

Nilijaza RAM ya mashine yangu ya majaribio data za nasibu, nikaweka mstari wa kuchapisha urefu, nikailaza. Kila kipande kilipita baiti 131,072 kwa baiti mia tano na kitu. Mashine ililala bila kulalamika hata kidogo, na sababu yake inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika kerneli tunayoitumia sisi, ambayo ni ya zamani kidogo, bafa hiyo upande wa kuandika hufuatwa mara moja na eneo la kazi la LZO, na data za namna hiyo humwagika humo mwishoni kabisa, wakati eneo hilo halihitajiwi tena. Ni bahati tupu. Upande wa kusoma hakuna bahati hiyo: bafa ndiyo kitu cha mwisho katika muundo wa data wa kila uzi, na kinachofuata ni mwanzo wa muundo wa uzi wa jirani, ambako kuna kielekezi cha uzi wenyewe na foleni zake za kusubiriana. Usomaji hunakili ukurasa mzima mzima, kwa hiyo baiti mia tano za ziada huburuta ukurasa wa 33 wote na kuumwaga juu ya jirani. Niliwasha mashine, ikasoma asilimia chache, ikaganda. Mara tatu mfululizo.

Majaribio yake yeye yalifanywaje? Aliwasha mashine, akafungua kihariri cha maandishi, akailaza, akapima sekunde za kulala. RAM ya mashine iliyowashwa sasa hivi haina data nyingi za kuhifadhi, na nyingi ya zilizomo hubanika kwa urahisi. Hakupima kuamka hata mara moja, na katika jedwali lake zuri lenye rangi hakuna safu ya kuamka. Wateja wetu ni watu ambao umeme ukikatika betri huwa na dakika chache tu, kwa hiyo huilaza mashine. Hao huona sekunde za kuamka, wala hawajali mashine ilichukua muda gani kulala wakiwa wameshafunga mfuniko na kuondoka.

Kiraka cha pili kilileta kurasa 34. Nilipomweleza habari ya ukurasa wa 35, mkuu wa kitengo aliingilia kati na kuniuliza kama kweli nazuia kazi kwa ajili ya baiti chache. Nakiri kwamba data zangu za nasibu hazikukaribia mpaka huo. Lakini anayetumia kanuni ya mtu mwingine hutenga nafasi kulingana na ahadi ya mwenye kanuni, si kulingana na alichokiona Jumanne.

Na hilo si baya kuliko yote. Katika viraka vyote viwili ameondoa ukaguzi wa urefu upande wa kusoma, ule unaokataa kipande kinachodai kuwa na urefu wa sifuri au uliozidi upeo, kwa hoja kwamba CRC32 itanasa kosa lolote. CRC32 hiyo hukokotolewa juu ya data iliyokwisha kufunguliwa! Urefu wa uongo ukisomwa kutoka kwenye diski, kumbukumbu itakuwa imeshaharibiwa kabla hesabu haijaanza. Taswira ikikataliwa mapema, mtumiaji hupoteza kazi aliyokuwa hajaihifadhi, mashine huanza upya, basi. Ikikubaliwa ikiwa na kasoro, kerneli huamka ikiamini kumbukumbu mbovu kuhusu mfumo wa mafaili, na huenda ikaandika uchafu huo juu ya diski nzima ya mteja. Kwa hasara ya namna hiyo, anayepigiwa simu saa nane za usiku si mwandishi wa kiraka, ni yule aliyeweka jina lake chini kwamba amekihakiki.

Mwenye uzoefu na sehemu hii aniambie kama nimekosea mahali. Niko tayari kusahihishwa kwa hoja, ila si kwa kalenda ya mauzo. Leo asubuhi kimekuja kiraka cha tatu. Kurasa sasa ni 35. Ukaguzi wa urefu bado haujarudi, na maelezo yake ni sentensi moja: "Nimerekebisha kama ulivyotaka." Nimekirudisha.