Tupeane uzoefu: tangazo la kuchekesha linalouza, Mbeya na Nyanda za Juu

Wakuu, uzi huu ni wa watunzi wa matangazo. Kichekesho wateja wanakiomba kila siku, na mara nyingi watu wanacheka halafu hawakumbuki duka. Leteni mbinu zenye vipimo. Naanza na kipimo kimoja: futa jina la bidhaa, weka la mshindani. Mzaha ukisimama vilevile, huo si wako. Mtu anayesalimia kwa nyusi kwa sababu mikono imegoma kutoka kwenye blanketi mwezi Julai pale Uyole, huo ni mzaha wa blanketi. Muuza soda hawezi kuuazima.

*Mtu wa redio*
Sekunde 30 zinabeba maneno 55 hadi 65 ya Kiswahili. Mazungumzo ya wawili, shuka hadi 50, maana wakijibizana lazima pawe na pumzi. Soma kwa sauti huku saa ya simu inahesabu. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya. Namba ya simu ina tarakimu 10, ukiitaja kwa utulivu imekula sekunde sita au saba, na msikilizaji yuko ndani ya bajaji, hana kalamu. Taja mahali: Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati, na alama ya jirani anayoijua.

Jina la duka liingie kabla ya mzaha na lirudi mwishoni. Likikaa mwisho peke yake, watu watamsimulia yule mzee wa kwenye tangazo na duka litapotea. Baada ya kichekesho acha nusu ya sekunde ya ukimya. Usipoiacha, kicheko kinameza sentensi inayofuata, na kwa kawaida hiyo ndiyo yenye bei.

*Mwandishi, Iringa*
Misemo ya mjini inayotoka kwenye Bongo Fleva na TikTok ni mitamu ila inachacha haraka. Hesabu siku: kuandika, mteja kukubali, kurekodi au kuchapa, kutundika. Kama kazi itaonekana kwa zaidi ya wiki mbili, msemo wa msimu usiuguse. Weka kwenye posti ya leo, bango liachie Kiswahili kisichozeeka.

Maneno ya kikabila nayo yawe na mipaka. "Ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, inachangamsha Tukuyu na Kyela; "kamwene" ni salamu ya huku kwetu Iringa na Njombe. Ukiyabadilisha, unaonekana mgeni siku ya kwanza. Na Mbeya mjini si Wanyakyusa peke yao; Wasafwa, Wandali na Wanyiha nao ni wateja. Neno moja la hivyo linatosha, mzaha wenyewe uwe kwa Kiswahili.

*Mkuu wa mabango*
Herufi: sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma kutoka mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25, kwa hiyo bango la mita 3 kwa 1 linabeba mstari mmoja mkubwa na mmoja mdogo, basi. Maneno saba yakizidi, dereva ameshapita. Mzaha wa bango usiwe na hatua mbili. Hakuna anayerudi nyuma kusoma jibu.

Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, ikichapwa inatoka kama vigae. Itumwe kama dokumenti. Rangi ziandaliwe kwa mfumo wa uchapaji; kijani kinachong'aa kwenye kioo cha simu hupauka kwenye turubai. Ringi za kufungia ziwe kila sentimita 50, pembeni pakunjwe mara mbili, la sivyo upepo wa kiangazi unachana kona kwanza.

*Mtu wa redio*
Naongeza la muziki, kwa sababu linaumiza wengi. Ile imani kwamba kipande cha wimbo chini ya sekunde saba ni bure haina msingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haitoi ruhusa hiyo kwa biashara. Omba kibali cha mwenye wimbo kwa maandishi, ukiulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, au mlipe mpiga gitaa wa hapa sekunde 10 mpya na msaini karatasi inayosema zitatumika wapi na kwa muda gani. Sura ya msanii kwenye kipeperushi ni hivyohivyo: kibali kwanza, mashine baadaye.

*Mwanzisha uzi*
Mkuu wa mabango, turubai la mbele ya duka msimu wa mvua unalifunga kwa kamba au kwa fremu?

*Mkuu wa mabango*
Fremu ya mbao, na chini acha nafasi ya vidole viwili maji yapite. Kamba ikilegea, bango linapiga ukuta usiku kucha hadi ringi zinang'oka.