Petroli: tupeane uzoefu wa kuokoa, na mwanya uliokataa kuutumia

Dereva wa Kiamunyi (Nakuru)

Wadau wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia na kwingine kote magharibi, tupeane uzoefu. Kila tarehe 14 tunangoja EPRA, mamlaka inayosimamia bei ya mafuta Kenya, watangaze bei, saa sita usiku inabadilika, na mwenye gari au pikipiki anaanza hesabu upya. Tangu 2023, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilipotoka asilimia 8 ikawa 16, na petroli Nairobi ikafika shilingi 217.36 kwa lita Oktoba ya mwaka huo, kila mtu ametafuta mbinu yake. Ziko za kubana matumizi, na ziko za kupenya kwenye mwanya: ofa ambayo masharti yake yana tundu, kadi ya pointi, mashine iliyosahauliwa na bei ya zamani. Leteni zote. Ila ukileta mwanya, utuambie pia ni nani aliyelipa hicho ulichookoa. Hilo ndilo ninalolijali zaidi, maana pesa niliyoiokoa mimi mara nyingi imetoka mfuko wa mtu.

Naanza. Bei ya EPRA ni kiwango cha juu kabisa. Kituo hakiruhusiwi kuipita, lakini kushuka chini yake ni hiari. Hapa mjini viko vituo vidogo vinavyopunguza shilingi moja au mbili. Mwenyewe ameamua kula faida ndogo apate wateja wengi, nami nanunua kwa roho safi. Bei ikitangazwa kupanda, najaza tanki usiku huo huo. Ikitangazwa kushuka, naweka ya kunifikisha kesho. Hapo sijamdhulumu mtu, tangazo ni la wote.

Kinachoniuma ni kituo kinachopanga koni mlangoni saa mbili usiku tarehe 14, "mafuta yameisha", halafu alfajiri kinauza kwa bei mpya na hakuna lori lililoingia.

Boda Kondele (Kisumu)

Kwa pikipiki, pesa nyingi hupotelea kwenye vitu vidogo. Mnyororo mkavu, upepo kidogo kwenye gurudumu la nyuma, filta ya hewa iliyojaa vumbi. Mimi kila Jumapili natoa filta, naipuliza, naupaka mnyororo oili, na tofauti naiona kwenye mafuta ya wiki.

Lakini vijana wangu, acheni ile ya kuzima injini kutoka Kiboswa hadi Mamboleo. Najua mnajisifu mnashuka bure. Pikipiki nyingi ukizima injini taa ya mbele nayo inakufa, na injini haikusaidii tena kushika mwendo, breki zinabeba kazi yote na abiria yuko nyuma. Unaokoa mafuta ya shilingi chache kwa kuweka mtoto wa mtu rehani. Dereva wetu aliuliza nani analipa. Hapo jibu ni abiria.

Mwalimu wa Mbale (Vihiga)

Kuhusu hivyo vituo vya shilingi mbili chini, pigeni hesabu kabla ya kuvifuata. Gari langu linaenda kama kilomita 13 kwa lita. Petroli ikiwa 180, kila kilomita inanigharimu karibu shilingi 14. Kituo cha bei nafuu kikiwa kilomita tatu nje ya njia yangu, kwenda na kurudi ni kama shilingi 84. Nikiweka lita 30 nimeokoa 60. Nimepata hasara na muda umeenda. Kikiwa njiani, sawa.

Na wenye magari ya kisasa msishuke milima kwa nyutro. Gari la injekta likiwa ndani ya gia na umeachilia eksilereta, injini inakata mafuta yenyewe. Ukiweka nyutro inalazimika kuchoma kidogo ili isizime.

Laini Tatu (Kakamega)

Mimi naleta mwanya, na sioni haya. Kituo kimoja cha kampuni kubwa, sitaitaja, kilileta ofa: ukilipa kwa programu yao ya simu unapunguziwa shilingi tano kila lita, mwisho lita 20 kwa wiki kwa kila nambari ya simu. Nikatumia laini yangu, ya mke wangu na ya mama yangu aliye kijijini, ambaye hana hata baiskeli. Kila laini imesajiliwa kwa jina la mwenyewe na kila mmoja aliridhia. Masharti niliyasoma mwanzo hadi mwisho. Yalisema nambari moja, hayakusema gari moja. Kampuni ile ina mawakili, wangetaka gari moja wangeandika gari moja. Na hao wanaopanga koni tarehe 14 jioni, waliwahi kujiuliza nani analipa?

Mama Mboga wa Free Area (Nakuru)

Laini Tatu, ubaya wao usiwe leseni yako. Ofa ya lita 20 iliwekewa kikomo ili wengi wapate. Ukichukua za watu watatu, ofa inafungwa mapema na yule wa lita tano anakuta imeisha.

Mhudumu wa Pampu (Kisumu)

Nimesoma kimya, acha niseme. Ofa kama ya kaka Laini Tatu hulipiwa na makao makuu na sisi wa kwenye pampu haitugusi. Mashine yenye bei ya zamani ndiyo inayotuumiza.

Usiku wa kubadilisha bei, meneja huingiza bei mpya kwenye kompyuta ya ofisini na mashine zote zinatakiwa kufuata. Nilikuwa zamu ya usiku, kituo ambacho nimeshatoka. Mashine moja haikufuata. Ubao wa barabarani ulikuwa na bei mpya, mashine tatu zina bei mpya, ile moja ya pembeni ina ya zamani. Dereva wa kwanza aliiona, akajaza, akatoka huku anapiga simu. Punde bodaboda na teksi zikajipanga kwenye mashine ile moja, zile nyingine tupu. Watu wakawa wananiharakisha, "jaza, dada, jaza". Wengi ni wateja wangu, wananijua kwa jina. Ni mzee mmoja wa teksi aliyekataa kujaziwa. Aliniita, akanionyesha kioo cha mashine, akanyoosha kidole kwenye ubao, akasema, "Binti yangu, zima hii kabla hawajakulipisha."

Asubuhi wakati wa kufunga hesabu, mita inasoma lita, lita zinazidishwa kwa bei mpya, na pesa niliyonayo haifiki. Tofauti ilikatwa kwenye mshahara wangu kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mwenye kituo hakupoteza kitu. Mimi nililipa, nikiwa na kodi ya nyumba na mtoto wa chekechea.

Laini Tatu (Kakamega)

Pole sana, dada. Ya ofa na ya mashine si kitu kimoja, na kwenye mashine nakuunga mkono bila maneno mengi. Laini zangu bado nazitetea.

Jirani wa Mpaka (Busia)

Huku kwetu mwanya ulikuwa mpaka wenyewe. Katikati ya 2022 petroli ya Kenya ilikuwa na ruzuku, na upande wa Uganda bei ilikuwa juu zaidi. Watu wakawa wanavuka kujaza huku, na wengine wetu wakawapelekea kwa mitungi. Kila mtu alisema ni biashara tu. Lakini ruzuku ile kwa sehemu ilitoka kwenye tozo ya shilingi 5.40 ambayo Mkenya alikuwa akilipa kwa kila lita ya petroli. Bodaboda wa Bumala aliichangia, mwenye mitungi akaiuza ng'ambo. Sitaji mafuta yaliyolala uvunguni mwa kitanda chumba ambacho watoto wanalala na jiko la makaa liko mlangoni. Nilikataa kabisa kuwekewa nyumbani kwangu.

Mzee wa Lori (Salgaa)

Vijana, msisahau mafuta ya kando ya barabara. Dizeli ya bei nafuu kwenye mtungi imenyonywa kwenye tanki la tajiri wa mtu, na siku hesabu isipolingana dereva anafutwa, hata yule ambaye hakunyonya. Pia hujui imechanganywa na nini.

Na lori la mafuta likianguka, kaa mbali. Sachangwan, Januari 2009, tulizika zaidi ya watu 100. Julai 2021, Malanga kule Siaya, watu wasiopungua 13. Walikuwa wamekwenda na mitungi kuchota mafuta ya bure. Mimi barabara hizo nazipita, na nikiona watu wanakimbia na ndoo napiga honi na kupaza sauti mpaka koo linakauka.

Msomaji wa Sheria (Eldoret)

Dada wa pampu, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa hizo. Bei iliingizwa na meneja ofisini. Uzembe wako uko wapi? Tena sheria hiyo inaweka kikomo, makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Peleka jambo hili kwa afisa wa kazi hapo Kisumu.

Mhudumu wa Pampu (Kisumu)

Asante sana. Hati za mshahara za miezi yote ya makato ninazo, na karatasi ya zamu ile nilipiga picha. Je, nikifika pale nianze na barua, au nieleze kwa mdomo kwanza?

Msomaji wa Sheria (Eldoret)

Nenda na barua fupi yenye tarehe, nakala mbili, wakugongee muhuri moja ubaki nayo. Ukikwama niandikie faraghani, nitakusaidia kuiandika.

Dereva wa Kiamunyi (Nakuru)

Wa Bungoma na Kisii bado hatujawasikia. Karibuni.