Nimeacha kazi kiwandani, nacheza gemu mchana kutwa, na mama anakuja Jumamosi

Minofu (mleta mada)
Wakuu, habari za mchana. Nipo Buzuruga, Mwanza. Miaka 33, mke mmoja, mtoto mmoja yuko darasa la pili. Nimefanya kazi miaka saba kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, jina tuliache. Nilianza meza ya kukata, nikaishia msimamizi wa chumba cha baridi. Asiyefanya zamu ya usiku mle ndani hawezi kunielewa: unatoka asubuhi, jua linachomoza, na vidole vya miguu bado vimekufa ganzi ndani ya mabuti. Siku hizi samaki ni wa kugombania, wiki moja unaitwa zamu mbili tu, wiki nyingine unalala hukohuko. Mwezi uliopita nikaandika barua, nikatoka.

Shida si hela, kwa sasa. Nina akiba ya kula miezi mitano na kodi nimelipa. Shida ni kwamba nina raha. Nampeleka mtoto shule, narudi, nachemsha chai ya rangi, nawasha PS4 ya mtumba niliyonunua miaka mitatu iliyopita na sikuwahi kuicheza hata msimu mmoja ukaisha. Nina CD ya gemu ya mpira, FIFA 19. Nimechukua timu ya daraja la nne Uingereza, sasa iko daraja la pili. Nina beki wa kushoto wa miaka 17 nimemlea mwenyewe tangu timu ya vijana. Saa saba nasinzia kwenye kochi, dirisha wazi. Sijasinzia mchana kwa raha hivi tangu nimalize kidato cha nne.

Mke hana neno, ana cherehani yake Mabatini na amenipa miezi mitatu. Ila majirani wameanza. Juzi mwenye nyumba kapita, kasikia mtangazaji anapiga kelele, akaniuliza, "Leo kuna mechi?" Jumanne, saa nne asubuhi. Nikamwambia ni marudio. Mtu mzima nadanganya kwa sababu ya gemu!

Na Jumamosi mama anashuka na meli ya Nansio. Kwake mimi bado ni msimamizi, na huko Ukerewe anatamba nalo. Naombeni ushauri: nimwambieje? Au nivae nitoke kila asubuhi kama naenda zamu, kwa siku kumi atakazokaa?

Mjomba wa Kirumba
Miaka 33 unalea beki wa kushoto wakati wa kwako wa kumzaa yuko darasa la pili. Zima hiyo kitu, nenda soko la Mwaloni alfajiri. Hata ukipakia dagaa kwenye magunia utarudi na ya mboga.

Asiyelala Igoma
Mjomba tulia, mtu kasema ana akiba, hajaomba ya mboga kwako. Mimi kilichonishtua ni FIFA 19. Mkuu, hata jina lenyewe lilishabadilika tangu 2023, siku hizi ni EA Sports FC. Hiyo CD peleka Bujora, waiweke kwenye makumbusho pamoja na ngoma za Wasukuma.

Mzee wa Notisi
Tuache utani kidogo. Ulitoa notisi? Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kama ulitoa, hata ukiacha mwenyewe una vyako pale: mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Hicho cheti watu wanakidharau, halafu baada ya mwaka wanazunguka kutafuta mtu wa kuwathibitishia kuwa waliwahi kufanya kazi. Fao la kukosa ajira la NSSF usilipigie hesabu, hilo si la aliyeacha kwa hiari. Ila michango yako ipo, haijaliwa na mtu.

Minofu (mleta mada)
Notisi nilitoa, mkuu. Likizo ya mwaka mzima sijalipwa na cheti sijachukua. Nimeona aibu kurudi pale getini wakati wenzangu wanaingia zamu.

Mzee wa Notisi
Aibu ya nini? Hela ni yako.

Pedi Mbili
Mleta mada, kabla hajatokea wa kukwambia ufungue kibanda cha PS, naomba niseme mimi. Nilikuwa nacho Igoma. TV nne, PS3 mbili, PS4 mbili, mechi shilingi 500. Kwenye karatasi hesabu ni tamu sana. Kilichonimaliza ni pedi, vile vya kushika mkononi kuchezea. Kijana akifungwa goli la dakika za mwisho anaipigiza mezani. Pedi ya mtumba ikifika wiki ya tatu kijiti cha kushoto kinavuta chenyewe, wachezaji wanakimbilia kibendera cha kona hakuna aliyewagusa, na mteja anadai mechi irudiwe bure. LUKU inakwenda hata wakati wanabishana nani achukue timu gani. Umeme ukikatika dakika ya 80 unarudisha hela ya watu wawili. Na mwenyekiti wa mtaa akikuta mtoto mwenye sare saa nne asubuhi, kesi ni yako, si ya mzazi.

Mwaka mmoja na nusu sikucheza mechi hata moja mwenyewe. Nilikaa mlangoni na daftari. Nilipofunga nikauza TV tatu nikabaki na moja, nikacheza mwezi mzima kama mwehu, mke akawa ananiletea ugali palepale kwenye zulia. Halafu asubuhi moja nikafagia uwanja kwanza. Kesho yake nikaenda kumsaidia jirani kupiga plasta. TV ikakaa hadi jioni haijawashwa, wala sikuikumbuka. Wewe bado uko kwenye zulia, kaka. Cheza. Ila ukiona miezi mitatu ya shemeji imeisha na uwanja haujafagiwa, rudi hapa tuongee lugha nyingine.

Asiyelala Igoma
Kumbe kile kibanda kilikuwa chako! Nakudai mechi moja, umeme ulikatika.

Bibi wa Luchelele
Mwanangu, nyote mmejibu ya gemu, aliyeuliza kauliza ya mama. Ukivaa ukatoka asubuhi, siku kumi utakaa wapi? Utakaa Kamanga unahesabu feri, na siku ya pili tu utaonwa na mtu. Halafu msimamizi gani huyo ambaye kila zamu anarudi nyumbani hanuki samaki? Mama atajua kabla hujavua viatu.

Mwambie njiani, kabla hamjafika nyumbani, asije akayasikia kwa mwenye nyumba. Na usianze na "nilitaka kupumzika", hilo neno watu wa umri wetu linatupita pembeni. Anza na vidole vya miguu kufa ganzi. Hilo ataelewa.

Minofu (mleta mada)
Asante sana bibi. Nimekusoma mara tatu.

Mjomba wa Kirumba
Mimi bado nasema Mwaloni.

Minofu (mleta mada)
Wakuu, mrejesho, leo Jumatano.

Mama kashuka na kiroba cha machungwa na mfuko wa dagaa. Tukapanda bajaji, nikaanza na miguu kama bibi alivyosema. Akanyamaza. Tumeshapita Mabatini ndiyo akauliza, "Vyako wamekulipa?" Nikasema likizo bado. "Kwa nini?" Nikasema naona aibu kwenda. Hakunijibu, akamwambia dereva apunguze mwendo, machungwa yanamwagika.

Jumatatu saa moja asubuhi nimemkuta sebuleni kavaa kitenge chake cha kanisani. Tukaenda wote. Alikaa kwenye benchi la mlinzi na pochi mapajani mpaka nilipotoka. Likizo italipwa mwisho wa mwezi, nina karatasi iliyosainiwa. Cheti nimepewa palepale, ila jina la baba wamelikosea, nakifuata tena Ijumaa.

Kuhusu gemu hajasema kitu. Jana alikaa nyuma yangu anachambua dagaa kwenye ungo, nusu saa nzima, mimi nacheza nimekaza mgongo kama niko kwenye mtihani. Mwishowe akauliza, "Baba, huyu mrefu wa kushoto mbona anasimama tu, hakabi?"

Ni yule beki wangu. Nimemtoa dakika ya 60.