Kuutangaza Mkoa wa Mtwara kwa wawekezaji: fedha kidogo tulizo nazo tuziweke wapi?

Mkazi wa Shangani aliuliza:

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kikosi kazi kinachoandaa mpango wa kuutangaza Mkoa wa Mtwara kwa wafanyabiashara na wawekezaji, nikiwakilisha wafanyabiashara wadogo, na kwa kuwa sijawahi kufanya kazi ya namna hii ninaomba maoni ya waliokwishaipitia. Rasimu iliyo mezani inapeleka karibu fungu lote katika mambo matatu: kongamano la siku mbili, kijitabu cha rangi chenye fursa za mkoa, na filamu fupi ya kuoneshwa kwenye maonesho ya Sabasaba.

Sina ugomvi na kongamano. Kinachonisumbua ni kijitabu. Kila nikikisoma ninakutana na mambo ambayo hata mpita njia anayajua: bandari yenye kina cha asili, gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, Daraja la Umoja linalotuunganisha na Msumbiji tangu 2010, fukwe za Msimbati. Ukurasa wa korosho una picha nzuri ya mama akiokota mabibo, na chini yake sentensi mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye mtaji akishuka uwanja wa ndege Jumatatu asubuhi aanzie ofisi ipi, aoneshwe kiwanja kipi, na umeme atavuta kutoka wapi. Kwa uzoefu wenu, ni jambo gani hasa humfanya mtu auchague mkoa mmoja na kuuacha mwingine?

Mzee wa Ghalani alijibu:

Mwanangu, pole na majukumu. Nimefanya kazi katika maghala ya korosho kwa zaidi ya miaka 20, Masasi na Newala, na nimewaona wawekezaji wengi wakija na kuondoka. Nitazungumzia korosho tu, mengine watayasema wenye nayo.

Kijitabu chenu kinainadi korosho kana kwamba mwekezaji hajui kuwa ipo. Anajua. Anachotaka kuhakikishiwa ni kama ataipata mwezi wa sita. Msimu wetu huanza Oktoba, na baada ya miezi michache minada imekwisha, kwa hiyo mwenye kiwanda anayetaka mashine zake zizunguke mwaka mzima hulazimika kununua ndani ya miezi hiyo michache mzigo wa miezi 12, aulipie, kisha aulaze ghalani huku riba ya benki ikihesabika usiku na mchana. Katika mnada huohuo anashindana na mnunuzi anayepeleka korosho ghafi India au Vietnam, ambaye akishinda leo anapakia, meli inang'oa nanga, na fedha yake inarudi kabla yule wa kiwanda hajabangua hata robo ya mzigo wake. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, yaani asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa, unampa mbanguaji ahueni ya bei, lakini haumpi mtaji wa kununulia.

Piga hesabu mwenyewe. Kiwanda cha kubangua tani 10 kwa siku, kikifanya kazi siku 300, kinahitaji tani 3,000. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile iliyotangazwa Novemba 2018 wakati Rais Magufuli alipoliagiza jeshi lisombe korosho za wakulima, hizo ni shilingi bilioni 9.9 zinazotakiwa kutoka mfukoni kabla karanga moja haijauzwa. Na karanga yenyewe ni chache, kwa maana kilo nne na ushee za korosho ghafi hukupa kilo moja tu ya korosho karanga. (Mwaka ule wa 2018 nao msiufiche, kwa sababu wageni wanaukumbuka kuliko sisi. Wapo wakulima walioifurahia bei, lakini mnunuzi aliyekwisha kukodi meli alijifunza kwamba utaratibu wa huku unaweza kubadilika ndani ya wiki moja.)

Msidhani pia kwamba tatizo ni ukosefu wa majengo. Nchi hii ilikwisha kujenga viwanda vikubwa 12 vya kubangua korosho kwa mikopo ya miaka ya 1970 na 1980, na vingi viliishia kuwa maghala. Mimi mwenyewe nimepanga magunia ndani ya jengo ambalo mashine zake zilikuwa bado zimefungwa sakafuni, tukizizunguka kwa mikokoteni kama mtu anavyozunguka kaburi la ukoo. Kwa hiyo mkoa ukitaka mbanguaji, mezani pawepo mpango ulioandikwa wa jinsi atakavyopata malighafi: utaratibu wa kuwauzia wenye viwanda kabla ya mnada wa wazi, kwa bei ya haki kwa mkulima, na benki iliyokubali kuipokea stakabadhi ya ghala, yaani hati ya mzigo uliohifadhiwa humo, kuwa dhamana ya mkopo wake. Hapo atakaa asikilize.

Picha ya mabibo itoeni. Wekeni picha ya mikono ya akina mama wa vikundi vya kubangua, wanaojipaka majivu au mafuta viganjani ili yale mafuta ya ganda yasiwaunguze, na wanaoitoa karanga ikiwa nzima kwa pigo moja la kijiti. Karanga nzima na iliyopasuka hazina bei moja sokoni. Ujuzi huo mwekezaji hawezi kuushusha melini, na katika kijitabu chenu sijaona ukitajwa.

Mdau wa Makueni alijibu:

Hujambo, ndugu wa Shangani. Naandika kutoka Kenya, kaunti ya Makueni, ambako kilio chetu cha miaka mingi kilikuwa maembe kuozea chini ya miti huku madalali wakijipangia bei. Serikali ya kaunti haikumsubiri mwekezaji. Ilijenga yenyewe kiwanda cha kusindika matunda pale Kalamba, kilichozinduliwa 2017, cha kugeuza embe kuwa rojo linalouzwa kwa watengenezaji wa juisi. Sisemi hiyo ni dawa ya kila mahali, maana embe nalo lina msimu wake, na ukipita ni lazima uwe na jibu la mashine zifanye nini. Haya anayoyasema Mzee kuhusu mwezi wa sita ninayaelewa vizuri sana.

Lakini palikuwa na faida moja ambayo hatukuitarajia. Mnunuzi niliyempokea mimi hakutaka kusikia habari za rutuba wala ukarimu wetu. Aliuliza ni aina gani ya embe, linaiva lini hasa, linapuliziwa nini, na nani ataweka saini kwa niaba ya wakulima. Kwa kuwa kiwanda kilikwisha kutulazimisha kuwa na majibu hayo kwa ajili yetu wenyewe, mazungumzo yalichukua asubuhi moja. Jaribuni kukaa na wenye biashara mlio nao tayari, muwaulize maswali kama hayo, kabla hamjamwalika mgeni.

Msindikizaji alijibu:

Kaka, mimi kazi yangu ni kuwasindikiza wageni wenye mitaji mikoani, na naomba nikupe kisa kimoja. Miaka michache iliyopita nilimpeleka mgeni katika wilaya moja, mkoa nitausitiri, akaone ekari 50 ambazo kijitabu cha huko kilisema zimetengwa kwa viwanda. Tulikuta mihogo imekomaa, makaburi mawili yaliyofagiliwa vizuri, na bwana mmoja akipalilia, ambaye alisimama, akajipangusa mikono, akatuuliza kwa upole kama sisi ndio tuliokuja kulipa fidia. Mgeni wangu hakusema neno mpaka tulipofika hotelini. Jioni aliniomba nimtafutie ndege ya kesho yake.

Tangu siku hiyo, mkoa wowote ukiniletea kijitabu ninaruka moja kwa moja hadi ukurasa wa ardhi. Kiwanja kilichopimwa, fidia imelipwa, hati iko tayari, nguzo ya umeme na bomba la maji vinaonekana ukiwa umesimama hapohapo: mkoa wenye viwanja vitatu vya namna hiyo unaushinda mkoa wenye ekari elfu kumi za kwenye karatasi. Vyeti na nafuu za kodi ni mambo ya taifa, na tangu Julai 2025, kituo cha uwekezaji na mamlaka ya maeneo ya mauzo ya nje vilipounganishwa kuwa TISEZA, mgeni anayapata kwenye mlango mmoja. Ardhi, maji, barabara ya kuingilia na majirani wenye amani hakuna wa kumpa isipokuwa ninyi.

Nina mengine mawili. La kwanza, semeni ukweli kuhusu barabara. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi pale Somanga, kila mwenye mzigo wa kusini alijua, na mgeni wenu anaisoma habari hiyo kwenye simu yake akiwa bado kwao. Mwambieni mlikwama siku ngapi na nini kimefanyika tangu hapo. Kisha mwonesheni bandari yenyewe inavyofanya kazi, lile gati jipya la mita 300 na makaa ya mawe ya Ruvuma yanayopitia hapo, maana kwake ratiba ya meli ina uzito kuliko sifa ya kina cha asili. Sifa hiyo Waingereza nao waliiona walipojenga bandari na reli ya Nachingwea kwa ajili ya mashamba yao ya karanga (njugu, si korosho), na reli yenyewe iling'olewa.

La pili, msiwatafute watu wa mbali tu. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilishusha kiwango cha mtaji wa Mtanzania kupata cheti kutoka dola 100,000 hadi 50,000. Kariakoo imejaa watoto wa kusini wenye uwezo huo, na sijawahi kuona kongamano la mkoa likipelekwa kwao.

Mtu wa Bariadi alijibu:

Naongeza kidogo tu. Sisi Simiyu tulijulikana kwa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, miradi midogo ya vikundi vya vijana, wakati ambapo pamba yetu nyingi haikuwa ikizungumzwa na mtu. Kitu kidogo kinachoshikika mkononi kilitufungulia mazungumzo. Sitasema kuwa viwanda vikubwa vilifuata kwa kasi tuliyoitaka, ila viongozi walipokwenda Dar es Salaam walikuwa na boksi la chaki mkononi, na watu walikuwa wakiuliza maswali.

Mkazi wa Shangani alijibu:

Nawashukuru nyote, Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa hesabu, ambayo nimeinakili kama ilivyo na kuisoma mbele ya kikao jana. Palikuwa kimya kwa muda. Mjumbe mmoja alipinga, akisema tukianza kueleza ugumu wa mtaji na habari za 2018 tutawatisha wageni, na ninakiri kwamba hoja yake ina watu wengi. Nilimjibu kwamba kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa hapa 2015 kikiwa na uwezo wa tani milioni tatu kwa mwaka, juu ya ardhi yenye gesi, lakini gesi yenyewe ikakifikia baada ya miaka kama mitatu. Kila mwekezaji makini anakifahamu kisa hicho, na ni heri akisikie kutoka kwetu, pamoja na kilichorekebishwa. Sikutaka kuligusa la 2013, yale maandamano ya kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na wale waliokuwa wakisema gesi haitoki, lakini mwenyekiti mwenyewe alilileta: alisema wananchi wale walitaka kujua nini kitabaki Mtwara, na kwamba mwekezaji atakayekuwa na jibu la swali hilo atapata majirani wema.

Tumekubaliana kuiacha filamu, na fedha yake iende kupima na kumalizia fidia ya viwanja viwili vilivyo karibu na njia ya umeme. Kongamano litakuwa la siku moja, Oktoba, wakati wa minada, ili wageni waone mzigo ukipokewa. Kijitabu kimerudi kwangu nikiandike upya. Mzee, nikija Newala utanionesha hizo mashine zilizofungwa sakafuni?

Mzee wa Ghalani alijibu:

Marahaba. Njoo kabla msimu haujaanza, mwanangu, maana ghala likijaa hutaziona. Na hao wageni wa Oktoba msiwapange kulala Newala kisha wawahi mnada wa Masasi asubuhi, malori yanakuwa mengi mno. Walale Masasi.