Tupeane uzoefu: siku ya praktiko ya asidi na alkali ilikuendeaje?

Mtoa mada
Wakuu habari za muda huu. Juzi mdogo wangu kaniuliza asidi ikikutana na alkali kinatokea nini, nikamjibu fasta "chumvi na maji", akaniuliza sasa mbona bika imepata joto? Nikakaa kimya kama nimemeza maji. Kumbe ile sentensi tuliiimba tu.

Naanza mimi. Taitresheni ya kwanza (kudondoshea asidi kwenye alkali mpaka zitoshane), alkali yangu sodiamu haidroksaidi sm³ 25, matone mawili ya fenofthalini (ile inayokuwa pinki kwenye alkali), pinki imekolea safi, nikafungua bureti (bomba refu lenye vipimo) ya asidi huku napiga stori na jirani, kugeuka pinki haipo. Na fenofthalini ikishapoteza rangi ndo basi, umepitiliza tone moja au sm³ 10 vyote vinaonekana sawa, haina rangi tu. Nikachungulia kwa jirani nikaandika 24.90, kumbe yeye asidi yake ilikuwa na nguvu tofauti na yangu. Ticha aliangalia daftari akacheka, hakusema kitu, na hicho kicheko bado nakisikia.

Dada Litmasi
Hahaha pole mkuu. Hilo la joto lilinitesa mimi pia. Tulichanganya asidi haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi, za molari 1 kila moja (yaani ukolezi sawa), sm³ 50 kwa 50, kipimajoto kikapanda nyuzi 6 na kitu. Tukaja asidi ya naitriki na potasiamu haidroksaidi, kipimo kilekile, kikapanda karibu vilevile! Nikasema hiki kipimajoto kibovu, nikarudia mara tatu, nikaomba kingine, wapi. Mwisho ndo nikaelewa kwamba kazi yote ni ioni (chembe yenye chaji) ya hidrojeni kutoka kwenye asidi kukutana na haidroksaidi ya alkali yakatengenezwa maji, na kutengeneza maji ndiko kunakotoa joto, kama kilojuli 57 kwa kila moli (kipimo cha wingi cha kemia) ya maji. Sodiamu na kloridi wanaangalia tu kama watu waliosimama pembeni ya ugomvi. Mwambie dogo hivyo.

Jiwe la Chokaa
Mimi yangu ni ya kabonati. Tumepewa vipande vya marumaru (ambayo ni kalsiamu kabonati), nikaweka asidi haidrokloriki ikachemka vizuri, gesi nikaipitisha kwenye maji ya chokaa yakawa kama maziwa, raha. Nikajifanya mjuaji, nikasema ngoja nitumie ya salfuriki maana ndo kali zaidi. Ikatoa mapovu kidogo ikazima. Nikaongeza asidi, kimya. Nikaongeza tena, kimya, nikadhani nimepewa maji. Kumbe inatengenezwa kalsiamu salfati ambayo haiyeyuki vizuri, inalivika jiwe koti jeupe, asidi haifiki ndani tena. Asidi ipo na jiwe lipo, ila hawaonani. Hili hakuna aliyeniambia kabla, na mpaka leo ndo kitu nachokipenda kuliko vyote kwenye hii topiki.

Benchi la Nyuma
Sisi kuna jamaa alimwagia maji kwenye asidi ya salfuriki isiyochanganywa. Ilichemka papo hapo ikaruka. Uso ulipona kwa miwani ila shati lilirudi na matundu. Asidi ndo inaingia kwenye maji, polepole, huku unakoroga. Basi.

Bureti Mbovu
Mimi niliharibu kwa indiketa (ile ya kubadilika rangi kuonyesha mwisho). Asidi ya etanoiki (ile ya siki), sodiamu haidroksaidi kwenye bureti, nikaweka methaili oranji kwa sababu ndo ilikuwa karibu na mkono. Nasubiri rangi ibadilike ghafla, yenyewe inatambaa kutoka wekundu kwenda njano bila kusema sasa ni sasa, nikapata sm³ 3, mara 5, mara 7, wenzangu wote wako kwenye 25. Asidi dhaifu na alkali kali zikitoshana, pH (kipimo cha uasidi, 7 ndo katikati) inakuwa juu ya 7, methaili oranji inabadilika chini huko kwenye 3 hadi 4 na kitu, kwa hiyo inakutangazia mwisho wakati safari ndo kwanza imeanza. Fenofthalini ndo ilikuwa yake hapo.

Mtoa mada
@Bureti Mbovu aisee 7 badala ya 25 😂 mimi nafuu. Swali, alkali ikikumwagikia mkononi si unaweka asidi kidogo zinamalizana?

Dada Litmasi
Usithubutu mkuu! Si tumetoka kusema zikikutana zinatoa joto? Utajiunguza mara mbili. Maji ya bomba, mengi, dakika za kutosha. Mimi iliniingia vidoleni nikahisi utelezi kama sabuni, nikawa nasugua nacheka, kumbe kweli ilikuwa sabuni, inatengenezwa na mafuta ya ngozi yangu mwenyewe. Niliacha kucheka hapohapo nikakimbilia bomba.