Wenye kasi wanawashonea wenzao. Nyinyi mnafanyaje?

Mwalimu wa Cherehani, Kayole

Habari zenu mafundi. Nafundisha ushonaji katika chuo kidogo cha ufundi hapa Kayole. Wanafunzi ni 22, cherehani za miguu ni 9, na moja imekatika mkanda. Kwa hivyo wanakaa wawili au watatu kwa mashine, na mimi huwaambia aliyeelewa amfundishe mwenzake.

Wiki iliyopita tulitia zipu kwenye sketi, kila wawili sketi moja. Nilionyesha mara moja mezani kwangu. Walio nyuma waliona migongo tu. Jioni sketi 11 zilikuwa tayari, zipu zimelala vizuri, nikafurahi sana. Jumatatu nikampa kila mmoja kipande chake na zipu yake. Tisa hawakujua hata kwamba zipu huwekwa kifudifudi juu ya mshono. Kuna binti ambaye sketi yake niliisifu mbele ya darasa zima. Nilipomsimamia akainama, akasema, “Madam, ile alishona mwenzangu.”

Iliniuma, maana aliyemsifu ni mimi. Wanajiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, na siku hiyo hakuna jirani wa kukushikia kitambaa. Nifanyeje wasaidiane bila mmoja kumfanyia mwingine?

Fundi Chuma, Kariobangi

Pole Mwalimu. Kwetu Light Industries, eneo la karakana, anayefundisha hufunga mikono nyuma. Kusema ruhusa, kugusa hapana. Kijana akichomelea, mwenzake husimama kando na kofia yake ya kuchomelea usoni, anasikiliza. Moto ukiwa sawa hulia kama chipsi zikikaangwa, rodi ikienda mbali na chuma mlio hukatika-katika, naye husema “karibia.” Ni neno moja tu, lakini ili alitoe lazima awe ameelewa kazi.

Mama Marinda, Gikomba

Mimi naongeza kitu kimoja, dada yangu. Usimweke hodari kabisa na aliye nyuma kabisa. Hodari amesahau alikwama wapi. Nilipokuwa najifunza, uzi wangu ulikuwa unafanya vitanzi chini ya kitambaa. Siku mbili nazungusha skrubu ya bobini, pale panapokaa uzi wa chini, nikiamini kosa liko huko chini nilikoliona. Fundi wangu alipita akasema “rekebisha uzi,” akaenda zake. Aliyeniokoa ni msichana aliyejua jambo hilo juzi yake tu. Aliniambia vitanzi vikiwa chini, angalia uzi wa juu. Nikauvua wote, nikainua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ili visahani vinavyobana uzi vilegee, nikatunga upya, ukakaa. Nimeshona miaka mingi tangu hapo na bado naisikia sauti yake nikitunga uzi.

Mwalimu Mstaafu

Yote mazuri, ila makosa nayo hufundishwa. Niliwahi kukuta meza nzima imekata bila kuacha nafasi ya mshono, kwa kuwa wa kwanza alisahau na wengine wakamfuata. Waache wafundishane, lakini mkasi usiguse kitambaa kabla wewe hujaona chaki.

Mwalimu wa Cherehani, Kayole

Asanteni sana. Mzee, la mkasi nimelichukua tangu leo asubuhi.

Alhamisi nilijaribu mikono nyuma. Dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu. Kijana mmoja mwepesi alishika kitambaa cha mwenzake mara tatu, nikamkumbusha mara tatu. Halafu akaanza kutafuta maneno. “Shona mshono mrefu kwanza, ule wa kufumua. Sasa pasi. Sasa zipu, meno yaangalie chini.” Alipofika kwenye kona ya chini akanyamaza. Alikuwa hajui kueleza kwa nini anaacha sindano ndani ya kitambaa kabla ya kugeuza; mkono wake ulikuwa unafanya tu. Alikuja kuniuliza, nikamwambia sindano ndiyo inayoshikilia kitambaa kisihame unapoinua mguu wa cherehani. Akarudi mbio kumwambia mwenzake.

Yule binti niliyemsifu nimemweka na msichana aliyejua zipu Jumanne. Zipu yake ya kwanza imepinda kidogo upande wa kushoto. Ameifumua mwenyewe, anarudia kesho. Mama Marinda, nitakuja Gikomba Jumamosi kutafuta zipu za mitumba za mazoezi. Unajua kibanda kipi huuza kwa fungu?